Halimeda: kijani kigumu kinachoota chini ya kamba za mwani, king'olewe au kiachwe?

Swali: Assalaam alaykum. Nalima mwani Jambiani, huu ni mwaka wangu wa 11. Katikati ya kamba zangu kumeota vijani vigumu, vipande vipande mfano wa sarafu ndogo zilizounganishwa. Ukivikanyaga vinakatika kama ganda la yai. Wenzangu wanaviita mama wa maradhi, wanasema ndivyo vinavyoleta weupe kwenye mwani, basi kila bamvua tunaving'oa na kuvitupa nje ya shamba. Wiki iliyopita nilikuta fungu zima karibu na jiwe limekuwa jeupe pe, na jana yake nililiacha kijani. Siku ya tatu halikuwapo. Nimeingiwa na hofu. Ni maradhi? Yatahamia kwenye mwani wangu? Na kama si maradhi, je, vina soko?

Jibu: Waalaykumu salaam dada yangu. Si maradhi, hayatahamia kwenye mwani wako, na soko havina. Nimekujibu yote matatu mwanzo ili upumue, maana nina mengi ya kukueleza na sitaki uyasome moyo ukikudunda. Ila moja nakuomba kabla sijaendelea: acheni kuving'oa. Mchanga unaochomeka vigingi vyako umetengenezwa na vijani hivyo kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mmea huo unaitwa halimeda. Sisi wa pwani wengi tunauita mwani tu, kama tunavyoita karibu kila kinachoota baharini, lakini hauhusiani na mwani unaoulima wewe zaidi ya kuishi maji mamoja. Mwani wako ni wa jamii nyekundu, hata ukionekana wa kijani au wa kahawia. Halimeda ni wa kijani hasa. Zipo aina nyingi, na kwenye maji yetu utakutana na zaidi ya moja. Ile inayojazana juu ya mwamba na kwenye nyufa za matumbawe, pingili ndogo ndogo zilizobanana hata huoni inapoanzia, ni Halimeda opuntia. Opuntia ni jina la kitaalamu la mpungate, na ukiyatazama majani ya mpungate yanavyopandana moja juu ya jingine utaona kwa nini imepewa. Nyingine ni Halimeda macroloba, inayosimama peke yake mchangani, pingili zake pana. Ukiivuta hii inakuja na fundo zima la mchanga chini yake, kwa sababu vijizizi vyake vimeushika mchanga kama ngumi iliyofumbwa. Kwa maelezo yako, zilizo katikati ya kamba ni hizi za mchangani, na lile fungu la karibu na jiwe ni za mwambani.

Si wewe wa kwanza kuchanganyikiwa nayo. Carl Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya kitaalamu ya viumbe, alipoiorodhesha mwaka 1758 aliiweka kwenye kundi la viumbe vilivyohesabiwa kuwa baina ya mnyama na mmea, kwa ule ugumu wake. Mfaransa Lamouroux ndiye aliyeipa jina la Halimeda mwaka 1812, jina la binti wa baharini katika hadithi za Wagiriki wa kale.

Sasa huo ugumu. Chukua pingili moja mbichi, itie kwenye kikombe cha siki. Papo hapo itatoa mapovu madogo madogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hayo mapovu ni hewa ya ukaa, inatoka kwenye chokaa inapokutana na asidi. Iache humo mpaka mapovu yatulie, hata usiku kucha, kisha itoe uishike kwa vidole. Ile iliyokuwa ngumu imelegea kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Umbo limebaki, mfupa umeyeyuka. Ukiianika halimeda ikakauka kabisa, kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wake ni chokaa, na kwa baadhi ya aina hupita asilimia 80. Ni chokaa ya namna ile ile iliyomo kwenye tumbawe hai, inaitwa aragoniti.

Inaitengeneza vipi? Ndani ya kila pingili kuna mirija myembamba kuliko uzi wa kushonea, imesokotana. Kuelekea nje, ncha za mirija zimevimba na kubanana, zikaziba uso wa pingili, na baina yake zimebaki nafasi ndogo zenye maji ya bahari yaliyofungiwa humo. Jua likipiga, mmea unajilisha, na katika kujilisha unavuta hewa ya ukaa kutoka kwenye maji hayo. Ukaa ukipungua, chokaa iliyoyeyuka ndani yake haiwezi kubaki imeyeyuka tena, inaganda kuwa visindano vidogo mno. Jambo hili unalo jikoni kwako. Birika linalochemshia maji ya kisima huota ukoko mweupe ndani, na sababu ni hiyo hiyo: moto unaifukuza hewa ya ukaa, na chokaa iliyokuwa imejificha ndani ya maji inajitokeza. Halimeda inafanya kwa jua kile birika linachofanya kwa moto.

Na lipo jambo ambalo mimi, baada ya miaka yote hii, bado linanisimamisha. Ile mirija haina kuta za kuigawa vyumba vyumba. Jani la mwembe lina seli zisizohesabika, kila moja na mlango wake. Halimeda nzima, tokea kijizizi kilichozama mchangani hadi pingili ya juu kabisa, ni seli moja. Moja tu, yenye viini vingi, na vyote vilivyomo vinaweza kusafiri kutoka huku kwenda kule. Bila kulijua hili, weupe uliouona hauelezeki.

Tazama kwanza inavyokua. Pingili mpya huchomoza usiku. Ukiwahi mapema sana utaikuta ncha ni laini, imepauka, haina rangi. Halafu chembe za kijani zinapandishwa kutoka pingili za chini, na mchana unapoingia nayo imeshakuwa kijani. Chokaa inachelewa, huanza kuganda baada ya kama saa 36. Katika muda huo pingili ni nyororo, samaki angeimaliza mara moja, basi mmea unaikinga kwa sumu: pingili changa huwa na kemikali kali za kufukuza samaki kuliko zile kuukuu. Kisha kiwango cha sumu kinashuka na chokaa inashika zamu. Nani aliufundisha kwamba samaki wala majani hulala usiku, na kwamba huo ndio wakati wa kutoa kilicho laini?

Tuje kwenye asubuhi yako. Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti, Chwaka, nilikuta kama ulichokikuta wewe. Fungu nililokuwa nimelitia alama lilikuwa jeupe kama limepakwa chokaa. Kwenye daftari niliandika neno moja, ugonjwa. Nikachukua vipande vichache kwenye chupa nikavitazame kwa hadubini, na nilichokiona ndicho kilichonifanya nilikate neno lile. Mmea mgonjwa hubakiza ndani mabaki ya kilichokufa. Hizi zilikuwa tupu. Mirija mitupu, safi, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama na kila kitu chao.

Zilikuwa zimezaa. Halimeda haitoi mbegu chache ikabaki na uhai wake. Wakati ukifika, usiku mmoja inakusanya karibu kila ilichonacho, chembe za kijani na viini, inavisukuma nje ya pingili mpaka kwenye vifuko vidogo vinavyoota kwenye kingo. Asubuhi yake ukiinama utaona pingili zimefifia, na kingoni kumejipanga vishanga vya kijani kibichi, mfano wa vichala vya zabibu vidogo sana. Mchana kutwa inakaa hivyo. Alfajiri inayofuata vile vishanga vinapasuka na kumwaga mbegu za uzazi, za kiume kutoka mmea huu na za kike kutoka mmea ule, na maji ya hapo yanachafuka ukungu wa kijani kwa dakika chache. Jua likipanda yamekwisha. Kinachobaki ni mfupa mweupe, na siku moja mbili baadaye zile pingili zinaachana na kuanguka.

Kwa hiyo ile jana uliyoiona kijani, nadhani ulikuwa umesimama. Ungeinama ungekuta tayari vishanga viko kingoni. Kwa mbali rangi bado ni ya kijani, kwa karibu mmea umeshajifunga kuzaa.

Hawa hawazai ovyo. Mwaka 1997 mtafiti Kenneth Clifton alichapisha alichokishuhudia kwenye matumbawe ya Panama: aina 17 za mwani wa kijani, halimeda na jamaa zake, kila aina ikimwaga mbegu kwa wakati wake karibu na macheo, na zile zinazokaribiana kwa ukoo zikipishana muda asubuhi ile ile. Mimea ya aina moja iliyotawanyika mbali mbali inamwaga kwa pamoja. Mbegu ikitoka peke yake baharini imepotea, ikitoka na wenziwe hukutana.

Upo weupe mwingine, na huu usiuchanganye na ule. Kwetu bamvua maji hukauka saa nne, saa tano asubuhi, na ikiwa ni kaskazi jua linapiga juu ya mwamba ulio wazi mpaka unahisi joto kwenye nyayo. Halimeda iliyobaki juu ya maji inaungua. Hapo utaona pingili za juu ndizo nyeupe na za chini bado kijani, na mmea huo mara nyingi huchipua tena. Aliyezaa ni mweupe tangu juu hadi chini.

Na hapa ndipo ninapowaelewa wenzako. Hawakuzua. Joto lile lile la kaskazi linaloibabua halimeda ndilo linaloudhoofisha mwani wenu. Katika aina mbili mnazolima, kotonii na spinosumu, ni hasa kotonii, ambao kila mkulima wa pwani ya mashariki anajua ulivyo mwepesi kuharibika kuliko mwenziwe. Mwani ukielemewa na joto, au mvua kubwa ikapunguza chumvi, au maji yakakaa bila kutembea, matawi yake yanapauka, yanalainika na kukatika kwenye kamba, na bakteria wanamalizia. Mtu anatazama chini anaona halimeda nyeupe, anatazama kamba anaona mwani mweupe, anasema huyu kamwambukiza huyu. Wote wawili wamepigwa na jua moja. Halimeda haina cha kuupa mwani wako: inaota chini, inajilisha kwa jua lake, hainyonyi mmea mwingine. Kinachoutesa mwani wako kwa kuugandia ni kitu kingine kabisa, ule mwani mwembamba kama nywele unaojishika kwenye matawi na kuyafanya yawe na manyoya. Nguvu mnazotumia kung'oa halimeda zitumieni kuusuuza huo mapema, na kuhamisha kamba kwenye maji yenye kina na mkondo zaidi siku za joto kali.

Kung'oa kwenyewe hakusaidii hata kama lengo lingekuwa zuri. Kipande cha halimeda kilichokatika kinaweza kuotesha vijizizi na kushika upya. Mnapozing'oa na kuzitupa pembeni nyingine zinakufa na nyingine mnazipanda. Kilichopotea kwa hakika ni lile fundo lililokuwa limeushika mchanga.

Nataka unitazamie mchanga wako sasa. Chota konzi moja pale ulipo shambani, uusuuze, uutandaze juu ya kitambaa cheusi, na kama kuna lenzi ya kusomea nyumbani itumie. Utaona vipande vya magamba, vinavyong'aa upande mmoja. Utaona chembe za tumbawe, ngumu, zisizo na umbo, na nyingi kati ya hizo zimepita tumboni mwa pono, anayetafuna mwamba na kuuacha ukiwa mchanga. Halafu utaona vipande bapa, vyeupe visivyong'aa, vingine duara, vingine mfano wa figo, na usoni vimejaa vitundu vidogo vilivyojipanga kama uso wa mkate wa kumimina. Hizo ni pingili za halimeda. Kila kitundu ndipo ilipokuwa ncha ya mrija. Wakati mwingine utaikuta nzima kabisa, kama imeanguka jana, na huenda kweli imeanguka jana.

Upande wetu wa mashariki wa Unguja hauna mto mkubwa wa kutuletea mchanga. Bara wana Rufiji. Sisi mchanga wetu unazaliwa humu humu, baina ya ufuo na mwamba wa nje unakovunjika mawimbi, na wanaouzaa ni viumbe vyenye chokaa mwilini. Halimeda ni mmoja wa wazazi wakubwa kwa sababu haikawii. Tumbawe gumu linakua taratibu, mengi hayaongezi hata sentimita chache kwa mwaka. Kwenye Great Barrier Reef huko Australia, vipimo vilivyochapishwa mwaka 1983 vilionyesha halimeda ikiongezeka maradufu ndani ya siku 15, na kuacha zaidi ya kilo 2 za chokaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kaskazini ya mwamba huo huo mabaki yake yamejenga vilima chini ya bahari, na vilivyochorwa ramani vinafunika zaidi ya kilomita za mraba 6,000. Hapa kwetu Ghuba ya Chwaka ndiyo iliyochunguzwa zaidi, ikiwamo na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na humo halimeda ni miongoni mwa watengenezaji wakuu wa mchanga wa ghuba. Tunapolalamika kwamba bahari inakula ufuo na minazi inaanguka, na kweli inaanguka, tukumbuke kwamba mchanga nao una mahali unapotoka, na kwamba mlango mmoja wa mahali hapo uko chini ya kamba zako.

Vilevile ni nyumba. Kichaka cha halimeda ukikitikisa juu ya beseni jeupe watatoka kamba wadogo, kaa wa ukubwa wa punje ya mchele, nyota bahari wenye mikono myembamba kama uzi. Yupo kaa mmoja wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, Huenia, ambaye gamba lake limepanuka likafanana na pingili ya halimeda, rangi na umbo, akitulia humtambui hata akiwa kiganjani. Na yupo konokono asiye na gamba anayeifyonza halimeda na kuzihifadhi zile chembe za kijani mwilini mwake, naye akawa kijani. Wewe unayefuata pweza siku za bamvua unajua pweza anakula nini. Kaa hao wanahitaji pa kukulia.

Kuhusu soko nitasema kwa ufupi. Wanunuzi wa mwani wanatafuta karajinani, ule utomvu wa kugandishia unaotiwa kwenye vyakula na dawa za meno. Ndiyo uliofanya kilimo hiki kianze Paje na Jambiani mwaka 1989. Karajinani imo kwenye mwani mwekundu. Halimeda haina. Na si chakula chetu, ni chokaa tupu yenye kemikali chungu. Ikichanganyika kwenye mwani unaoanika inahesabiwa uchafu, mnunuzi atakukata bei, basi ipukute kabla hujatandaza.

Shambani fanya hivi. Vigingi vichomeke palipo na mchanga mtupu, si katikati ya mafungu. Kamba ikilegea ikaburura chini, ikaze, itaiponda halimeda na mwani wako nao utakwaruzika. Mchague njia moja ya kupita baina ya mistari na nyote mpite hapo, kwa sababu nyayo za watu 10 zikitawanyika kila siku hakuna kitakachosimama. Huo ugumu wake, kama ulivyosema mwenyewe, ni wa ganda la yai.

Na ukitaka kushuhudia, usiende bamvua. Alfajiri ya bamvua maji bado ni mengi, yanaanza kutoka tu, hutaona kitu bila mtumbwi na miwani ya kuzamia. Subiri maji mafu, zile siku ambazo bahari haijai wala haikauki sana, ambapo maji madogo huangukia karibu na alfajiri. Pita mchana kwenye yale mafungu ya jiweni, inama kila fungu, tazama kingo. Ukikuta vishanga vya kijani, tia alama kwa kigingi, andika tarehe na mwezi mwandamo ni wa ngapi, urudi kesho yake kiza hakijaondoka, na tochi, na mwenzako mmoja wa wale wanaoita mama wa maradhi.